Uzi wa mafundi na wanaojifunza: kazi ya vanishi huharibika kabla kopo halijafunguliwa

#1 Randa ya Mkono

Wakuu, habari za jioni.

Kila wiki humu ndani mtu anaweka picha ya kitanda au kabati, anauliza apake kitu gani kiwake kama kioo. Majibu yanayokuja ni majina ya makopo tu. Mimi ni seremala, huu ni mwaka wa 21 niko kwenye benchi. Nilianzia Keko nikiwa kijana wa kupiga msasa, sasa nina karakana yangu Mbagala. Naomba leo tuongee kile ambacho hakiulizwi: mbao ilikuwa katika hali gani dakika moja kabla ya kopo kufunguliwa. Vanishi haifichi kitu. Mkwaruzo ambao kwenye mbao kavu hauonekani hata ukivaa miwani, ukishapitisha klia, yaani vanishi isiyo na rangi, unasimama kama mstari wa kalamu.

Kisa chenyewe kilichonifanya niandike. Mwezi wa nne, masika yamekolea, tulikuwa na kabati la mninga la milango minne na mteja analitaka Ijumaa. Alhamisi mvua ilinyesha mpaka saa tisa alasiri. Saa kumi na moja nikaona kumetulia, nikamwambia kijana wangu apulize. Milango ikatoka inameta. Haikupita robo saa ikaanza kupauka, kama kioo kilichopuliziwa pumzi, na weupe ule haukuondoka. Kijana kwa nia njema akadhani klia haijatosha, akaongeza mkono wa pili, mzito, kwenye milango miwili.

Weupe ule ni maji. Tina, kile kimiminika cha kuzimulia klia, inapokimbia hewani huondoka na joto la uso wa mbao. Uso unapoa kuliko hewa inayouzunguka, na hewa ya Dar wakati wa masika imebeba maji tele, basi maji yanatua juu ya klia kama yanavyotua kwenye chupa ya soda iliyotoka kwenye friji. Klia ikifunga kabla hayajapata njia, yanabaki humohumo. Ile milango miwili yenye mkono mmoja ilipona. Kesho yake saa tano, jua limechomoza vizuri, niliipulizia tina ya kuchelewa, ile inayokauka polepole, kama umande tu. Klia ikalegea, maji yakatoka, rangi ikarudi. Ile miwili mingine haikusikia dawa. Tuliikwangua mpaka mbao, tukaanza upya, na Ijumaa ya mteja ikapita. Mzigo ule niliubeba mimi kwa sababu aliyetoa amri ya kupuliza ni mimi.

Toka siku hiyo kuna kipima unyevu wa hewa ukutani. Kikisoma 80 kwenda juu, bunduki ya rangi inabaki kwenye msumari wake, hata mteja awe amekaa mlangoni.

Sasa tuingie kwenye mbao yenyewe. Mbao hunywa na kutoa maji kulingana na hewa iliyopo. Hewa ikiwa na unyevu wa 65%, mbao hutulia kwenye maji ya 12% hivi. Hewa ikifika 80%, mbao inaenda 16%. Hewa ikishuka 40%, mbao inashuka hadi 7 au 8. Mtu anayetengeneza kabati Dar na kulipeleka Dodoma ajue mbao zake zitasinyaa kule wakati wa kiangazi, na zitasinyaa kwa upana, kwa urefu ni kidogo sana. Kwa hiyo paneli ya mlango ikae huru ndani ya mfereji wa fremu, isigandishwe kwa gundi pande zote. Jambo moja nililofundishwa na mzee wangu, ambalo vijana wengi hawalifanyi: paka paneli rangi na mkono wa kwanza wa sila (ile ya kuziba vitundu vya mbao) kabla ya kuifunga kwenye fremu. Ukipaka baada ya kufunga, paneli ikisinyaa inachomoa ukingo wake ambao haukuguswa na rangi, na kila mlango unakuwa na mstari mweupe kuzunguka. Hapo hakuna kurekebisha kwa urahisi.

Halafu alama za mashine. Mbao ikitoka kwenye mashine ya kuranda inaonekana laini, lakini visu vinavyozunguka vimeacha mawimbi madogomadogo, kama mchanga wa ufukweni maji yakishakupwa. Zima taa za juu, chukua tochi ya simu, ilaze ubavuni mwa mbao mwanga upite sambamba na uso. Utaona kila kitu: mawimbi, mahali nyuzi zimechanika, alama ya nyundo, tone la gundi. Usipoyaona hapo utayaona kwa mteja, kwa sababu dirisha la sebule linafanya kazi ileile ya tochi. Mimi mawimbi huyaondoa kwa randa ya mkono yenye kisu kikali, na pale nyuzi zinapogeukageuka natumia kipande cha msumeno wa zamani kilichonolewa ukingo, nakivuta kinatoa maganda membamba kama karatasi ya sigara. Msasa unakuja baadaye.

Na msasa una utaratibu. Kama kuna alama nzito naanza na namba 80, halafu 120, halafu 180. Kazi ya kila namba ni kufuta mikwaruzo ya namba iliyotangulia. Ukitoka 80 ukarukia 220, mikwaruzo ya 80 iko palepale, umeing'arisha tu. Fuata nyuzi. Ukikata nyuzi, hasa kwenye maungio ya fremu, rangi itaingia kwenye mikwaruzo ile na kuitangaza. Funga msasa kwenye kipande cha mbao bapa, kwa sababu vidole vinachimba sehemu laini na kuacha sehemu ngumu, na uso unakuwa na mabonde.

Wengi hatukumbuki neno hili limetoka wapi. Msasa ni mti. Uko mashambani huku Pwani, majani yake yanakwaruza ukiyapitishia mkono, na ndiyo yaliyokuwa yakisugulia mbao kabla karatasi za dukani hazijafika. Babu yangu alisugulia mpini wa jembe kwa majani hayo nikiwa namwangalia. Mpini ule bado upo.

Nimeandika mengi, nitaendelea. Karibuni, wenye uzoefu na wenye maswali.

#2 kijana_wa_Tegeta

Shikamoo fundi. Umenigusa palepale. Mimi si fundi wa kazi, najifunza mwenyewe nyumbani. Nimetengeneza meza ya chakula kwa mbao za mtiki, zawadi kwa mama mkwe. Nimepiga msasa mpaka 220, nimepaka vanishi ya mafuta kwa brashi. Leo siku ya tisa, bado inanata. Ukiweka gazeti unalibandua na herufi zimebaki mezani. Nimeitoa juani, nimeipigia feni, wapi. Nifanye nini?

#3 Pwani Mbao

Salaam kutoka Mombasa. Randa ya Mkono, umenena. Hapo kwa tochi hapo, mimi huwaambia wanagenzi wangu kuwa taa ya dari ni rongo.

Niongeze kuhusu miti yenyewe, maana kila mti una tabia yake na kopo moja haliwezi kuwa dawa ya yote. Mbambakofi, ambao nyinyi huko mwauita mkongo, ndani ya vitundu vyake huwa na unga wa manjano. Mbao ikipata maji kabla haijazibwa, ule umanjano watoka na kuchafua kitambaa au ukuta. Nishaona mlango wa mbambakofi uliowekwa bila kupakwa, mvua ya kwanza ukateremsha michirizi ya manjano kwenye chokaa mpya nyeupe. Kwa hivyo wetu hauondoki karakana bila mkono wa kwanza, hata kama mteja asema atajipakia mwenyewe.

Mvule nao una mambo mawili. Kwanza ndani yake huweza kuwa na jiwe, jiwe kweli, chokaa iliyoganda, na randa ikikutana nalo kisu kwisha. Pili una kemikali yake ambayo huzuia vanishi ya mafuta kukauka. Kijana wa Tegeta, mtiki ni wa ukoo huohuo kwa tabia: una mafuta yake. Lakini siku tisa ni nyingi hata kwa mtiki. Kuna kitu kingine hapo.

#4 Randa ya Mkono

Marahaba kijana. Pwani Mbao amenitangulia, na mimi nahisi kama yeye. Jibu haya kabla sijasema lolote:

Baada ya msasa na kabla ya vanishi, mbao uliifuta kwa kitu gani? Vanishi uliizimua kwa nini, na kiasi gani? Chini ya meza, upande usioonekana, ulipaka? Na je, pale chini panata au pamekauka?

#5 Bi Makabati

Habari zenu. Mimi natengeneza makabati ya jikoni Arusha, kazi yangu kubwa ni MDF (ubao wa kiwandani wa nyuzi za mbao zilizogandishwa kwa gundi) ya kupakwa rangi, mbao halisi ni kidogo. Naona uzi ni wa mbao lakini naomba nichangie, kwa sababu lawama nyingi za MDF zinatokana na maandalizi hayohayo.

Uso wa MDF umefungwa vizuri kiwandani. Ukingo uliokatwa uko wazi kabisa, unakunywa kama sifongo. Mtu anapiga praima, ile rangi ya msingi, mkono mmoja kote, uso unakuwa safi na ukingo unakuwa na manyoya, basi anaongeza rangi, na rangi nayo inanywewa. Mimi ukingo naushughulikia peke yake kwanza: naupiga msasa 180 kisha 240, nazungusha kona kidogo ziwe na uviringo wa milimita moja au mbili hivi (rangi haikai kwenye kona kali, inakimbia na kuwa nyembamba), napaka sila, nasubiri, napiga msasa tena yale manyoya yaliyosimama, napaka sila ya pili. Hapo ndipo praima inaingia kote.

Na pande zote mbili zipakwe idadi sawa ya mikono. Mlango uliopakwa mbele tu unapinda, kwa sababu upande mmoja unapumua na mwingine umezibwa. Jikoni kuna mvuke wa ugali na maharage kila siku, hauna msamaha. Ukingo wa chini wa mlango, ule ambao mteja haoni mpaka ainame, ndio unaoanza kuvimba. Nimerudishiwa kazi ya fundi mwingine niirekebishe, milango sita, yote imevimba chini na juu iko salama. Hakuna mtu aliyeigeuza wakati wa kupaka.

Vumbi la MDF ni baya, jamani. Barakoa ya kitambaa haitoshi.

#6 kijana_wa_Tegeta

Fundi, nakujibu kwa mpangilio.

Baada ya msasa niliifuta kwa kitambaa kikavu. Kisha jirani ambaye anauza samani aliniambia nipitishe mafuta ya nazi mepesi ili rangi ya mtiki ijitokeze, na kweli ilijitokeza, ikapendeza sana. Nikaacha usiku mmoja, asubuhi nikafuta tena na kupaka vanishi. Niliizimua kwa petroli kidogo, kama robo, kwa kuwa tina ilikuwa imeisha. Chini nilipaka pia. Nimekwenda kushika sasa hivi: chini pamekauka! Chini sikupaka mafuta ya nazi.

#7 Duka la Rangi Moro

Kijana amejijibu mwenyewe kwenye mstari wa mwisho, na amefanya vyema kwenda kushika.

Nauza rangi na vanishi mwaka wa kumi na mbili huu, na swali la "inakauka baada ya muda gani" naulizwa kila siku. Ukijua namna kopo linavyokauka, mengi yanaeleweka. Klia ya laka na shelaki (utomvu wa wadudu unaoyeyushwa kwa spiriti) hukauka kwa kimiminika kukimbia tu, kilichobaki ni utomvu mgumu, ndiyo maana tina, au spiriti kwa shelaki, inaweza kuilegeza tena hata baada ya mwaka, kama Randa ya Mkono alivyoponya milango yake. Vanishi ya mafuta haikauki kwa kukimbia peke yake. Inavuta oksijeni ya hewani na kuungana nayo, na hapo inakuwa kitu kingine ambacho tina haikiyeyushi vizuri. Ile ya makopo mawili, yenye haidena, yaani kigumishaji, inafunga kwa hivyo viwili kukutana, ukishachanganya saa inakimbia hata ukifunika kopo.

Sasa mafuta ya kupikia. Mafuta ya kitani yanavuta oksijeni na kukakamaa, ndiyo maana yamekuwa yakipakwa kwenye mbao tangu zamani. Mafuta ya nazi hayakakamai kamwe. Hata uyaache mwaka mzima yatabaki mafuta, kisha yataanza kunuka. Mawese vilevile. Ukiyaweka chini ya vanishi, vanishi inakosa pa kushika na yenyewe inachanganyika nayo. Mtiki nao una vitu vyake vya asili vinavyozuia ile kazi ya oksijeni, lakini vanishi yako chini imekauka, kwa hiyo mtiki peke yake usingekushinda.

Wateja wananiuliza pia kuhusu oili chafu ya gari. Mbao za kenchi watu huzipaka kwa ajili ya mchwa, huo ni uamuzi wao. Lakini mbao iliyowahi kupakwa oili chafu isiletwe kwenye meza wala kabati. Hakuna kopo dukani kwangu litakaloshika juu yake.

#8 Randa ya Mkono

Ahsante ndugu yangu wa Moro, umelieleza vizuri kuliko ambavyo ningeweza.

Kijana, meza yako inapona. Usiongeze mkono mwingine wa vanishi juu, na usiipige msasa sasa, utaziba karatasi kumi na kupata matope. Fanya hivi. Itoe nje kwenye kivuli chenye upepo. Chukua kikwaruzo, ukwangue vanishi yote inayonata, ukifuta ukingo wa kikwaruzo kila mara kwa kitambaa chenye tina. Ukishafika kwenye mbao, lowesha kitambaa safi kwa tina, futa eneo dogo, tupa, chukua kingine. Kosa la watu ni kufuta meza nzima kwa kitambaa kimoja, hapo unahamisha mafuta kutoka kona hii kwenda ile. Rudia mpaka kitambaa kinatoka bila alama ya mafuta. Acha usiku. Joto la kesho yake litapandisha mafuta mengine kutoka ndani, futa tena.

Halafu msasa 120, kisha 180. Simama hapo. Juu ya mtiki 220 ni laini mno kwa vanishi ya mafuta, inahitaji pa kushikilia.

Futa vumbi, futa kwa tina mara ya mwisho, na ndani ya saa hiyohiyo paka shelaki nyembamba iliyoondolewa nta. Gramu 100 za magamba kwenye nusu lita ya spiriti, iache usiku iyeyuke, ichuje kwa kitambaa. Shelaki inashika hata pale palipobaki na mafuta kidogo, na vanishi nayo inaishika shelaki, kwa hiyo inakaa katikati kama ukuta. Ile yenye nta usitumie, vanishi itateleza juu yake. Ikikauka ipitishie 320 kwa mkono mwepesi sana.

Lakini kwanza jaribu kwenye kipande kidogo cha juu ya meza, kona moja, kama kiganja. Kikikauka ndani ya saa 24, endelea na meza nzima. Kisipokauka, rudi kwenye vitambaa.

Kuhusu petroli nasema kwa uchungu. Kuna rafiki yangu aliungua mikono yote miwili kwa sababu ya ndoo ya petroli iliyokuwa karibu na mashine ya kunolea. Petroli si tina. Ina viongezo vya injini na mvuke wake unatambaa chini mpaka ukutane na cheche. Tina ikiisha, funga kopo la vanishi uende dukani.

#9 Mzee wa Mafinga

Nimesoma yote kwa makini. Mimi nakaa karibu na msitu wa Sao Hill, mbao zangu ni msindano, na kwa msindano nasema hivi: vifundo. Kifundo kina ulimbo, na ulimbo unapanda kupitia rangi yoyote baada ya miezi, unatoa doa la kahawia kwenye rangi nyeupe. Pakaza shelaki juu ya kifundo mara mbili kabla ya praima. Basi.

Halafu kuna rangi. Watu wanaupaka msindano rangi ya mninga wauze kama mninga. Mbali na uongo wenyewe, msindano unanywa rangi kwa mabaka. Sehemu laini inanywa sana, ngumu inakataa, na kwenye kichwa cha mbao, pale mwisho nyuzi zilipokatwa, inakuwa nyeusi kabisa. Ukitaka rangi itulie, tanguliza sila iliyozimuliwa sana, nusu kwa nusu au zaidi, na kichwa cha mbao ukipige msasa laini zaidi, hatua moja juu ya sehemu nyingine.

Ninachopingana nanyi ni hizi bunduki za kupulizia. Nimetumia brashi na pedi ya pamba miaka yote. Bunduki inapoteza nusu ya mali hewani na mapafu ya vijana yanaimeza. Pedi ya shelaki inakupa kina ambacho bunduki haitoi.

#10 Randa ya Mkono

Shikamoo mzee. Kwa pedi nakubali, uzuri wa shelaki iliyopakwa kwa pedi haujapata mpinzani machoni pangu. Lakini meza ya chakula iliyo na shelaki peke yake, sahani ya moto inaacha alama, na tone la spiriti au pombe linaitoboa. Kwa kabati la vitabu, kwa sanduku, kwa redio ya zamani, ndiyo. Kwa meza na jiko nahitaji kitu kigumu zaidi.

Na milango 16 ya kabati kwa pedi ni wiki mbili ambazo mteja hazilipii. Bunduki ikishikwa vizuri haipotezi hivyo: umbali wa sentimita 15 hadi 20, mkono unakwenda sambamba na mbao bila kuzungusha kiwiko kama pendulamu ya saa, kila mpito unafunika nusu ya uliopita, na unaanza kubonyeza kabla hujafika kwenye ukingo. Ukiona uso umekuwa kama ganda la chungwa, klia ni nzito au upepo ni mdogo. Ukiona vitundu vya duara vyenye kitovu, macho ya samaki, kuna mafuta: ama kompresa inatema oili, ama kitu kile kilishawahi kupulizwa polishi yenye silikoni. Kompresa imwagwe maji yake kila asubuhi. Kwa Dar hii utashangaa yanavyojaa.

Kuhusu mapafu uko sahihi kabisa mzee, na hapo sina la kutetea. Klia ya haidena ina kemikali inayoleta pumu, na ukishapata huwezi kurudi kwenye kazi ile hata kwa dakika. Barakoa ya hospitali haizuii mvuke. Kichujio cha mkaa kinachobadilishwa kwa wakati ndicho kiwango cha chini, na aliye na uwezo avute hewa safi kwa mpira kutoka nje. Vumbi la mninga nalo linawasha pua na kubana kifua, vijana wanalidharau kwa sababu linanukia vizuri.

#11 Mteja wa Kawaida

Mimi sijui hata kushika randa. Nataka kununua kabati la nguo mwezi ujao. Nikifika dukani niangalie nini? Maana yote yanang'aa.

#12 Bi Makabati

Kaka, fungua mlango upitishe vidole ukingo wa juu na wa chini. Kama panakwaruza, hapakupakwa. Washa tochi ya simu, ilaze ubavuni kama fundi alivyosema hapo juu. Angalia kwenye maungio ya fremu: ukiona baka jeupe au la rangi hafifu, hiyo ni gundi iliyofutwa kwa kidole badala ya kukwanguliwa, rangi haikuingia. Vuta droo, angalia kama upande wake wa nyuma umepata hata mkono mmoja. Na sukuma paneli ya mlango kwa kidole, inatakiwa icheze kidogo sana.

#13 Pwani Mbao

Nimpe mzee wa Mafinga mkono hapo kwa pedi. Mimi mbambakofi huumaliza kwa mafuta ya kitani, siku ya kwanza nyembamba, siku ya tatu nyembamba, mara tano au sita, kila mara nafuta yote yaliyobaki juu. Mteja akikwaruza baada ya miaka miwili, apiga msasa pale tu na kupaka tena. Klia ya haidena ikikwaruzwa, wang'oa mlango wote.

Ila vitambaa vya mafuta ya kitani msivikunje na kuvitupa pembeni. Vinapovuta oksijeni hupata joto, na vikiwa vimekunjwa joto halina pa kwenda, huwaka vyenyewe bila kiberiti. Mimi huvianika kimoja kimoja kwenye waya nje mpaka vikakamae, ama huvitia kwenye ndoo ya maji.

#14 Duka la Rangi Moro

Hili la vitambaa lipigiwe mstari. Nilidhani ni hadithi mpaka nikakiona kitambaa kinafuka moshi ndani ya ndoo ya taka nyuma ya duka langu, hakuna mtu aliyevuta sigara.

#15 kijana_wa_Tegeta

Wakuu, nimerudi na majibu.

Kukwangua kumenichukua siku mbili. Vitambaa nimetumia shati tatu za zamani, nikazikatakata. Mafuta yalikuwa yanapanda kweli kama fundi alivyosema, asubuhi ya pili meza ilikuwa na mabaka meusi yaliyolowa ingawa usiku niliiacha safi. Nimefuta mara nne. Nikapaka shelaki kwenye kona, nikasubiri, nikapaka vanishi iliyozimuliwa kwa tina halisi. Saa 22 baadaye nimeweka gazeti na jiwe juu yake kwa saa nzima. Limetoka safi.

Nikafanya meza yote. Leo ni siku ya tatu na imekauka, mama mkwe alipita akaishika akaniuliza nimeinunua wapi. Ila kuna sehemu moja karibu na mguu wa kushoto, kama upana wa vidole vitatu, bado inashika kidole.

#16 Randa ya Mkono

Hongera sana, umenifurahisha. Hiyo sehemu ya mguu, ni pale mbao inapoonyesha kichwa chake, au uso wa kawaida?

#17 kijana_wa_Tegeta

Ni kichwa cha mbao, fundi. Kiungo cha mguu kimetokeza juu.

#18 Randa ya Mkono

Basi mafuta ya nazi yaliingia ndani zaidi hapo, kichwa cha mbao kinanywa kama mirija. Zungushia utepe wa karatasi wenye gundi ili usiguse uso mwingine, kwangua hapo tu, kandamiza kitambaa chenye tina uache dakika tano kabla ya kuinua, badilisha, rudia mpaka kitoke kikavu. Shelaki mara mbili hapo badala ya moja.

#19 kijana_wa_Tegeta

Sawa fundi. Nimeshaweka utepe wa karatasi. Tina ninayo nusu lita, nadhani itatosha. Mvua imeanza kunyunyiza huku Tegeta, kwa hiyo vanishi nitasubiri.